Picha ya infraredi ya seli nyekundu zenye malaria: tuanze na kioo

Mara ya kwanza nilipoweka damu yenye vimelea chini ya hadubini ya infraredi, niliipaka kwenye slaidi ya kawaida, ile ile ya Gimsa, rangi ya kuonyesha vimelea. Chini ya namba ya wimbi (idadi ya mawimbi kwa kila sentimita) 2000 sikuambulia kitu: kioo kilikuwa kimemeza mwanga wote. Siku nzima ikapotea. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye sampuli kabla ya kugusa mashine.

Tunachowinda ni hemozoini. Kimelea kikila himoglobini hubakiwa na himu, sehemu yake yenye chuma, ambayo ni sumu kwake, hivyo huigandisha kuwa fuwele za kahawia. Fuwele hizo zina vilele viwili vinavyojulikana, yaani namba za wimbi ambapo humeza mwanga sana, karibu na 1660 na 1209 kwa sentimita. Kile cha 1660 kimejificha ndani ya mlima wa protini, usikiamini peke yake. Mimi hutegemea 1209.

Hatua ya 1: kioo. Chukua kalsiamu floridi, inayopitisha mwanga hadi karibu na 1000. Bariamu floridi hufika chini zaidi, ila huyeyuka kidogo kwenye maji. Chora alama ndogo pembeni kwa kalamu ya almasi, utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: damu. Kwa kujifunza, tumia vimelea vilivyooteshwa maabara, si damu ya mgonjwa. Plasmodium falciparum iliyokomaa hujibanza kwenye mishipa midogo ya ndani, kwa hiyo damu ya kidoleni huwa na pete tu, yaani vimelea vichanga, na pete zina hemozoini kidogo mno. Nimeona watu wakilaumu mashine kwa kukosa kilele cha 1209 kumbe hakikuwepo. Katika mzunguko wa saa 48, subiri hatua za baadaye za kimelea: trofozoiti zilizokomaa au skizonti. Osha seli mara tatu kwa salaini ya asilimia 0.9, maana plazma na EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) zina vilele vyake. Bafa ya fosfati iache: huleta kilele karibu na 1080.

Hatua ya 3: kupaka. Paka utando mwembamba wa seli zisizopandana, uache ukauke kwa hewa. Mkono utataka kutia methanoli kwa mazoea. Uzuie! Methanoli huondoa mafuta, na vilele vya mafuta karibu na 2850 na 2920 ni sehemu ya habari tunayoitafuta. Hifadhi kwenye chombo chenye silika jeli, kwa kuwa maji yana kilele karibu na 1640, juu ya protini kabisa. Damu hii haijatiwa dawa yoyote ya kuua vijidudu, kwa hiyo glovu zisivuliwe.

Hatua ya 4: mashine. Jaza naitrojeni ya kimiminika kwenye kitambuzi, pitisha hewa kavu hadi mistari ya mvuke ipotee, pima mandharinyuma kwenye sehemu safi ya kioo hicho hicho, kisha piga picha. Mimi huweka azimio la 8 kwa sentimita na vipimo 128 vya kurudia. Pima pia seli zisizo na vimelea kutoka damu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo.

Usitarajie kuona kimelea ndani ya seli. Seli nyekundu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Wimbi la 1209 lenyewe lina urefu unaozidi mikromita 8. Utapata seli iliyowaka au isiyowaka, basi. Kingo za seli pia hutawanya mwanga na kupinda mstari wa chini. Rekebisha mtawanyiko huo kabla ya kulinganisha urefu wa vilele.

Hatua ya 5: Gimsa. Sasa ndipo methanoli inaruhusiwa. Tia rangi kwenye kioo hicho hicho, anzia kwenye ile alama ya almasi, tafuta seli zile zile kwa lenzi ya mafuta. Bila hatua hii unabahatisha.

Hatua ya 6: hesabu. Chukua nyambuo ya pili (kasi ya kupinda kwa mstari) ya spektra, yaani michoro ya mwanga uliomezwa, sawazisha, ndipo ufundishe modeli ya kompyuta kutambua seli zenye vimelea. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Tanzania, walipima kwa infraredi, bila picha, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, wakafikia usahihi wa asilimia 92 dhidi ya PCR, kipimo cha vinasaba vya kimelea. Ukitaka namba yako iaminike, gawa data kwa mtu au kwa chupa ya vimelea, kamwe si kwa pikseli: pikseli mbili za seli moja zikiangukia pande mbili, modeli inakuwa imeshaonyeshwa majibu ya mtihani.