Somo: Kupiga picha za ndoa ya bomani mvua ikinyesha

Ndugu zangu, masika ndiyo haya, na ndoa za bomani haziahirishwi kwa mvua. Nifanyavyo mimi ni hivi.

1. Fika nusu saa kabla. Chumba mara nyingi ni kidogo: meza, viti, picha ya Rais ukutani. Msalimie msajili, muulize usimame wapi na kama flashi itamsumbua. Mimi huchagua upande wa dirisha, kando ya meza, nizione nyuso wanapoinama kusaini.

2. Panga kamera maharusi hawajaingia. Mawingu yakitanda, taa za tyubu ndizo zinazobaki, nazo kwa umeme wetu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya 1/250 ya sekunde utapata picha moja ya njano, nyingine ya kijivu. Kaa kwenye kasi ya 1/100, tundu la lenzi f/2.8, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 hadi 3200. Chembechembe za ISO kubwa zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

3. Kusaini. Hapa ndipo penye ndoa yenyewe. Viapo, saini za maharusi, za mashahidi wawili, ya msajili: dakika chache tu, kwisha. Usibadilishe lenzi; ya 35mm, iliyo pana kiasi, inatosha. Na mtazame mama mzazi. Niliwahi kukosa machozi ya mama mmoja kwa sababu nilikuwa nafuta lenzi, na mpaka leo inaniuma.

4. Nje, usikimbilie bustanini. Kibaraza cha ofisi ni studio tosha: mwanga wa mawingu ni laini, haukunji macho ya mtu. Wasimamishe hatua moja ndani ya ukingo wa bati, watazame nje.

Ukitaka mvua ionekane, tafuta mandhari meusi, mwembe kwa mfano, kisha weka flashi nyuma ya maharusi ikiwaelekea, kwa moja ya nane ya nguvu yake (1/8). Matone yatang'aa. Flashi ya juu ya kamera itakupa madoa meupe tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Tanzania 2019, basi ifunike flashi kwa kofia ya kuogea. Mwavuli uwe mweupe. Mwekundu hupaka nyuso rangi.

Maswali

— Mwalimu, nikitoka kwenye kiyoyozi lenzi inashika ukungu. Nikifuta, unarudi.
Usifute, kioo bado kina baridi. Ifunge kamera kwenye begi, toka nayo nje, usubiri kama dakika 20. Ukiwa na kamera mbili, moja ibaki barazani na msaidizi tangu mwanzo.

— Kaka, mimi nina simu tu. Nitaweza?
Utaweza, dada. Kaa kibarazani, gusa uso kwenye kioo, punguza mwanga kidogo ili shela lisitoke jeupe tupu. Usivute kwa zumu, sogea wewe.

— Kamera ikilowa niitie kwenye mchele?
Hapana, vumbi la mchele litaingia ndani. Izime, toa betri na kadi, ifute, iache mbele ya feni usiku kucha. Usijaribu kuiwasha kabla ya hapo, hata kama bibi harusi anaomba kuona picha.