Namna ya kusaka picha, nyimbo na video zilizopotelea ndani ya kompyuta ya nyumbani

Nina meza ya ufundi wa kompyuta hapa Mwanga, Kigoma. Mama mmoja alinijia kutoka Ujiji, kasha la kompyuta amelifunga kwa kanga nyuma ya bodaboda. Alitaka picha moja tu: marehemu baba yake amesimama ufukweni Kibirizi, dagaa wameanikwa nyuma yake. Fundi aliyemwona kabla yangu alishamwambia mashine ipigwe Windows upya, yaani programu kuu ya kompyuta iwekwe tena. Nashukuru alikataa, kwa sababu picha ilikuwamo. Ilituchukua saa nzima kuipata, na njia tuliyopita ndiyo hii. Nimeielezea kwa Windows 10 na 11, maana ndizo zilizojaa majumbani huku.

Kabla ya kugusa chochote

Usifute kitu, usipige Windows upya, wala usiingize muvi mpya. Faili ikifutwa, yaliyomo hubaki kwenye diski ya kompyuta kwa muda. Kompyuta inaandika tu kwamba ile nafasi ni wazi. Kitu kipya kikishakaa pale, cha zamani kimekwenda.

Kisha muulize mwenye kompyuta, au jiulize mwenyewe: picha ilipigwa kwa kamera, kwa simu, au ilitumwa kwa WhatsApp? Mwaka gani, hata kwa kukisia? Nani mwingine alikuwa anaitumia mashine hii? Majibu hayo yatakuokolea muda mwingi.

Hatua ya 1: tafuta kwa aina, achana na jina

Watu wengi huandika "baba" au "harusi" kwenye kisanduku cha kutafutia, wakikosa wanakata tamaa. Kamera huita picha zake DSC_0412 au IMG_0412, basi. Kama hakuna aliyekaa chini kubadilisha majina, neno "baba" halipo popote.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi E. Upande wa kushoto chagua "This PC", ili usakaji upite kwenye diski zote, C na D. Kwenye kisanduku cha juu kulia andika:

kind:picture

Kwa nyimbo andika kind:music, kwa video kind:video. Subiri. Mashine ya zamani inaweza kuchukua dakika kumi na zaidi, kwa hiyo usifunge dirisha. Orodha ikishajaa, bonyeza Ctrl, Shift na 2 kwa pamoja ili picha zionekane kwa ukubwa wa kutosha kuzitambua kwa macho.

Utaona takataka nyingi: vialama vya programu, vipicha vidogo vya kurasa za intaneti. Vichuje kwa ukubwa. Ukiandika kind:picture size:>500KB, zitabaki zaidi picha halisi za kamera na simu. Za WhatsApp hubanwa zikawa nyepesi, hivyo kwa hizo shusha hadi 50KB. Kwa video ya harusi andika kind:video size:>100MB.

Hatua ya 2: tumia tarehe, lakini usiiamini sana

Ukiandika kind:picture datetaken:2014, utaletewa picha ambazo kamera imeziandikia kuwa zilipigwa mwaka huo. Hapa ndipo tulipokwama na yule mama. Alikuwa na hakika kuwa ni Desemba 2014, nasi hatukuona kitu. Betri ya kamera ilikuwa imewahi kuisha kabisa, saa yake ikarudi mwanzo, na hakuna aliyeirekebisha. Picha zote za sikukuu ile zilikuwa na tarehe ya Januari 2008. Tarehe ikikunyima, panua miaka, au iondoe kabisa upitie kwa macho.

Picha za WhatsApp zina tabia nyingine. WhatsApp huondoa taarifa za kamera, kwa hiyo datetaken haizioni. Faraja ni kwamba kwenye simu za Android jina lenyewe hubeba tarehe: IMG-20190714-WA0003 ni picha iliyotumwa au kupokelewa tarehe 14 Julai 2019. Andika IMG-201907 na utapata za mwezi huo wote. Video zake huanza na VID.

Hatua ya 3: ukiipata moja, nenda kwao

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Ukiona picha yoyote ya siku ile ile, hata kama siyo unayoitaka, bofya kulia juu yake uchague "Open file location". Folda itafunguka, na mara nyingi ndugu zake wote wako humo. Yule mama alitambua picha ya ndoo ya mawese jikoni kwao. Tulipofungua folda yake tukakuta picha 63, na baba yake akiwemo. Folda ilikuwa diski D, imeitwa "New folder (3)". Ukiona jina kama hilo, au DCIM ambalo kamera na simu hulitumia, usilipite bila kulifungua.

Hatua ya 4: aina ambazo usakaji wa kawaida unaweza kuziruka

Harusi nyingi za miaka ya nyuma zililetwa kwenye DVD. Zikinakiliwa kwenye kompyuta hukaa ndani ya folda ya VIDEO_TS, zimekatwa vipande vya hadi GB 1 ambavyo majina yake huishia na VOB. Tafuta *.vob. Kwa CD za video tafuta folda iitwayo MPEGAV, faili zake ni DAT. Video za simu za vitufe ni *.3gp. Sauti, kwa mfano bibi anasimulia au kwaya imerekodiwa kwa simu, jaribu:

*.amr OR *.opus OR *.m4a

OR iandike kwa herufi kubwa.

Hatua ya 5: zilizofichwa

Fungua C:\Users uangalie kama kuna majina mengine. Mtoto akiwa na akaunti yake, picha zake hukaa huko, na usakaji wako hauingii mpaka ubofye folda yake na kukubali ruhusa. Kama Windows ilipigwa upya bila kufuta diski, angalia C:\Windows.old haraka, kwa sababu kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10.

Flashi ina shida yake. Kirusi huficha folda zote na kuacha vialama vya njia ya mkato (shortcut), mtu akidhani vitu vimefutwa. Ukiona flashi imejaa lakini haionyeshi vitu vyako, usiiformati, yaani usiifute yote. Usibofye vile vialama. Andika cmd kwenye menyu ya Start, fungua "Command Prompt", kisha andika hivi, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi. Halafu ndiyo uisafishe kwa programu ya kuzuia virusi.

Ikiwa vimefutwa kweli, angalia kwanza "Recycle Bin". Visipokuwamo, programu iitwayo PhotoRec ni ya bure na inafufua picha na video nyingi. Hakikisha unahifadhi matokeo kwenye diski nyingine. Kwenye diski za SSD, zile za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani, uwezekano ni mdogo, kwa sababu zenyewe husafisha nafasi ya kilichofutwa.

Hatua ya 6: toa nakala

Tumia "Copy", usitumie "Cut". Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha unaweza kukosa huku na huku. Flashi yenye mfumo wa kuhifadhi faili uitwao FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4, hata ikiwa tupu. Ikigoma kwa video ya harusi, tafuta nyingine tupu uiformati kwa mfumo wa exFAT. Ukimaliza, ichomeke kwenye kompyuta nyingine ufungue picha tatu nne na video moja mpaka mwisho. Yule mama alifungua ya baba yake kwenye simu ya mwanawe hapo hapo mezani kwangu, akaomba nimtolee nakala nne, moja kwa kila ndugu.