Unataka kuratibu maonyesho ya sanaa ya kisasa na kuyaandikia? Weka haya sawa kwanza

Watu wengi wakishaipenda hii kazi ya ukyureta, yaani kuchagua kazi za sanaa na kuzipanga kwenye maonyesho, swali la kwanza huwa ni nikasome wapi, nibishe hodi galari gani, nitampataje msanii mwenye jina. Mi naona hayo yote yanaweza kusubiri kidogo. Cha kuanza nacho ni kalamu, kwasababu mtu anayeweza kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka kuhusu kazi moja aliyoitazama mwenyewe ameshaanza kuratibu tayari, na asiyeweza hata ukimkabidhi jengo zima atabandika tu vitu ukutani. Fuatilia njia ya Okwui Enwezor, Mnigeria aliyesomea sayansi ya siasa na akawa anaandika mashairi: 1994 ndo akaanzisha na wenzake jarida la Nka la sanaa ya kisasa ya Afrika, 1996 akawa kwenye timu iliyoratibu maonyesho ya wapiga picha wa Afrika pale kwenye makumbusho ya Guggenheim New York, 2002 akaongoza Documenta 11, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa kule Kassel Ujerumani, na 2015 Venice Biennale, mengine makubwa kule Italia. Ukiipanga hiyo miaka unaona maandishi yalitangulia kumbi kubwa, na kwa maoni yangu kumbi zilimjia kwa sababu alikuwa ameshajua anataka kusema nini.

Sasa jicho. Jizoeze kukaa na kazi moja nusu saa nzima, una daftari, simu iko mfukoni, lebo hujaisoma bado. Andika unachokiona tu, maana yake iache kwanza. Chukulia zile kazi za El Anatsui, Mghana aliyefundisha miaka mingi chuo kikuu cha Nsukka huko Nigeria, zile kubwa zinazoshuka ukutani kama shuka la dhahabu na nyekundu. Ukisogea karibu unakuta ni vifuniko vya alumini vya chupa za pombe, vimepondwa, vingine vimekunjwa, vingine vimekatwa vipande vyembamba, na kila kimoja kimetobolewa kikafungwa na mwenzake kwa waya wa shaba, alafu pale panapojikunja panaangusha kivuli ukutani. Ukishayaandika hayo ndo uulize kwanini pombe, na hapo historia inaingia bila kulazimishwa, maana pombe kali ilikuwa moja ya bidhaa ambazo Wazungu walizileta Afrika Magharibi kwenye ile biashara iliyobeba na watumwa. Kingine, huyu mzee huwa anawaachia wanaotundika waamue mikunjo ikae vipi, kwahiyo kazi ileile inaweza kuwa na umbo jingine kabisa ikihamia ukumbi mwingine. Kwa anayejifunza kuratibu hilo ni zito sana, mkono wako unaingia ndani ya kazi ya mtu, na kama hukuitazama vizuri utaiharibu huku unadhani unaipendezesha.

Kwenye kuandika, jua unaandika nini. Taarifa kwa vyombo vya habari, maandishi ya ukutani, insha ya katalogi (kitabu cha maonyesho) na uhakiki ni vitu vinne tofauti na wanaoanza huwa wanavichanganya vyote. Maandishi ya ukutani yanasomwa na mtu aliyesimama, nyuma yake kuna mwingine anasubiri kupita, maneno 150 hivi yanatosha kwa chumba. Lebo iwe na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, imetengenezwa na nini, vipimo kwa kuanza na urefu wa kwenda juu, na mwenye mali. Uhakiki wenyewe lazima useme kama maonyesho yamefanikiwa au la na kwanini, ukiishia kuelezea tu umeandika taarifa ya waandaaji bila kulipwa. Na tafadhali, zile sentensi za "msanii anahoji utambulisho na kumbukumbu" ziogope sana. Kipimo changu ni hiki: ukiweza kuihamisha sentensi ukaibandika kwa msanii mwingine na isigutuke mtu, ifute. Kama msanii ni rafiki yako au galari imekulipa, mhariri ajue kabla hujaandika hata neno moja. Picha za kazi nazo zina haki ya mwenyewe, kuruhusiwa kupiga ndani ya ukumbi sio kuruhusiwa kuchapisha.

Wazo la maonyesho. "Wanawake na mazingira" ni mada tu, bado hujapata wazo. Wazo linakuja pale unapoweza kusema mtazamaji ataona nini kazi hii ikikaa pembeni ya ile, kitu ambacho asingekiona akizikuta zimetengana. Iandike kwa sentensi tatu, mpe mtu asiyejua sanaa asome, akikuuliza "kwa hiyo?" rudi mezani. Na uwe tayari kutoa kazi unayoipenda kama haifanyi kitu mle ndani, hii inauma lakini chumba kikijazwa kila kazi inaziba nyingine.

Upande wa karatasi ndo watu wanapoumia, kwahiyo hapa nitakaa kidogo. Mkataba wa kuazima kazi uwepo umesainiwa kabla gari halijawashwa. Bima ianze kazi inapotolewa ukutani kwa mwenyewe mpaka itakaporudi palepale, sio ianzie mlangoni kwako, maana hatari kubwa ipo kwenye kubeba na kusafirisha. Sanduku likifika lisifunguliwe hapohapo, desturi ni kuliacha saa 24 lizoee joto na unyevu wa jengo, alafu mkifungua mnajaza ripoti ya hali ya kazi mkiwa wawili, kila mkwaruzo na kila kona iliyopinda inapigwa picha, kwasababu usipouandika leo kesho utaambiwa umeufanya wewe. Mwanga nao, kazi za karatasi na vitambaa kawaida zinawekwa kwenye luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), rangi za mafuta zinavumilia mpaka 200, na ni bora upate kipima mwanga cha kweli kuliko kukisia, rangi ikishapauka hairudi tena hata afanye nini fundi. Kutundika, wengi wanaweka katikati ya picha kwenye sentimita 145 mpaka 155 kutoka sakafuni, lakini fikiria na anayekuja na kiti cha magurudumu. Tengeneza maketi, yaani mfano mdogo wa ukumbi, kwa kipimo cha 1:20, hata ya kadibodi, utaona mapema kwamba sauti ya video ya chumba cha pili itaingia kwenye chumba cha michoro midogo inayotaka utulivu.

Malipo ya msanii yawe kwenye bajeti tangu rasimu ya kwanza. Haiwezekani mchapishaji alipwe, dereva alipwe, wa vinywaji vya ufunguzi alipwe, alafu msanii aambiwe atapata jina. Kule New York kundi la W.A.G.E. limekuwa likilidai hili tangu 2008 na wana haki kabisa.

Shule zimekuwepo, kituo cha sanaa cha Magasin kule Grenoble Ufaransa walianza kufundisha waratibu 1987, kituo cha de Appel cha Amsterdam 1994, na marehemu Bisi Silva aliyefungua kituo cha sanaa ya kisasa CCA Lagos 2007 akaanzisha Àsìkò 2010, mafunzo yanayohama mji hadi mji ndani ya Afrika. Ukipata nafasi nenda, ila ufike na maandishi yako mkononi, kumi mazuri yana uzito kuliko barua ya sifa.

La mwisho, panga kushusha kazi ukutani kabla hujafungua maonyesho. Nani anafungasha, masanduku yale ya mwanzo yamehifadhiwa wapi, gari la kurudisha linalipwa na nani, vyote viwe kwenye mkataba uleule wa kuazima. Na wiki ya kwanza, kumbi zikiwa hazina watu, leta mpiga picha apige kila ukuta kwa mapana, hizo picha pamoja na ramani ya ukumbi na maandishi uliyobandika uzihifadhi sehemu mbili, maana mtu akija kuyaandikia maonyesho yako baada ya miaka kumi atakuwa na hivyo tu vya kutazama.