SOMO: Mashine ya gemu inawaka lakini TV haina picha. Soma yote kabla ya kuuliza

Swali hili linarudi kila siku: "PS (PlayStation) inawaka, TV giza, nifanyeje?" Nimelijibu vipande vipande hadi nimechoka, na mbaya zaidi kuna waliosoma kipande kimoja, wakaruka kingine, wakaharibu mashine iliyokuwa nzima. Leo naandika lote. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, maana hatua za juu hazina gharama na za chini ndizo zinazoua mashine.

Hatua ya 1. Zima mashine na TV, chomoa vyote kwenye umeme, subiri dakika moja, rudisha.

Hatua ya 2. Hakikisha TV imewekwa kwenye HDMI (tundu la waya wa picha na sauti) ileile uliyochomeka waya. Wenye Xbox One: nyuma kuna matundu mawili ya HDMI. Moja linatoa picha, jingine linapokea kutoka kwenye king'amuzi. Waya wa TV ukiwa kwenye la kupokea, utakaa gizani mpaka kesho.

Hatua ya 3. Badili waya. Kisha badili tundu la TV. Kisha jaribu TV nyingine. Kimoja kimoja! Ukibadili vyote kwa mkupuo, picha ikirudi hutajua mgonjwa alikuwa nani.

Hatua ya 4. Jua kama mashine iko hai. Kwenye PS4 taa huanza na bluu, kisha hutulia nyeupe. Ikibaki bluu inapwitapwita halafu mashine inazima, tatizo lako ni kubwa kuliko picha na somo hili halikuhusu. Ikitulia nyeupe, washa pedi (ile ya mkononi ya kuchezea): taa yake ikiacha kupepesa na kutulia kwenye rangi moja, mashine imeshawaka kabisa huko ndani, inacheza bila wewe kuiona. Hiyo ni habari njema.

Tazama pia TV yenyewe. Ikiandika kwamba hakuna signali, mara nyingi hakuna kinachoifikia. Ikiwa nyeusi tupu bila maandishi, mara nyingi kuna kitu kinafika ila TV haiwezi kukionyesha, na hapo shuku mipangilio kabla ya kushuku vyuma.

Hatua ya 5. Hali salama (Safe Mode), yaani kuiwasha mashine kwa mipangilio ya msingi tu. Kwa PS4 na PS5: zima kabisa (taa ya chungwa si kuzima, huko ni kulala), kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia. Utasikia mlio wa kwanza papo hapo na wa pili baada ya kama sekunde 7. Achia. Chomeka pedi kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS. Picha ikitokea, chagua mstari wa 2, unaohusu resolusheni (wingi wa nukta za picha), uiteremshe. Mistari ya 6 na 7 usiiguse, inafuta kila kitu ulichonacho humo.

Xbox One yenye mlango wa diski: zima, kisha shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kutolea diski mpaka usikie mlio wa pili. Itawaka kwa resolusheni ya 640 x 480, na karibu TV yoyote inaweza kuonyesha hiyo.

Hatua hii ndiyo inayogawa njia. Hali salama ikionyesha picha, tundu lako na chipu ya HDMI (inayotuma picha kwenye tundu) vinafanya kazi, ugonjwa uko kwenye mipangilio. Isipoonyesha, na waya na TV umeshavithibitisha, nenda hatua ya 6.

Hatua ya 6. Tundu la HDMI. Hapa ndipo nilipoharibu PS4 ya mdogo wangu, kwa hiyo nisikilizeni. Ilikuwa nyuma ya kabati, nikachomeka waya kwa kupapasa, nao umegeuka. Nikasukuma. Nilipomulika tochi nikaona pini moja imelala juu ya mwenzake. Tundu lile lina pini 19, kumi upande mmoja na tisa upande wa pili, nyembamba kama unywele. Nikachukua sindano nikainyoosha, ikasimama, picha ikarudi, nikafurahi. Siku ya tatu ikalala tena. Nikainyoosha tena na ikakatika. Chuma kile hakivumilii kukunjwa mara mbili. Na mara ya kwanza sikuwa hata nimechomoa mashine kwenye umeme. Sindano ikigusanisha pini mbili, unaweza kuunguza chipu iliyo nyuma ya tundu, na kazi ya nusu saa ikageuka kazi ya bodi (ubao mkuu wa ndani).

Basi: CHOMOA UMEME. Mulika, tazama, ondoa vumbi kwa brashi laini kavu. Ukiona pini imelala, simama hapo. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya hewa moto na anayelehemu bodi kila siku. Bodi hizi zinafyonza joto, na mtu wa kujaribu akivuta tundu kabla risasi ya kulehemu haijayeyuka sawasawa, anang'oa na njia za shaba zilizo chini yake. Muulize kwanza amebadilisha matundu mangapi.

MASWALI

Kobe_Gemu: Mkuu yangu inawaka ila haionyeshi picha. Msaada tafadhali.
Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 6. Rudi uniambie umekwama ipi.

Kobe_Gemu: Nimefika hiyo ya 5 ila pedi haiitikii.
Jibu: Sawa, sasa tunaongea. Badili waya wa USB. Nyingi zinapitisha chaji tu, hazipitishi data, na kwenye hali salama pedi haifanyi kazi bila waya wa data.

Tochi ya Usiku: Samahani kaka, naomba kuelewa. Nikitikisa waya picha inakuja sekunde moja, inapotea. Kwa nini isije hata nusu, ikaja yote au ikakosekana yote?
Jibu: Swali zuri sana. Kabla ya picha, mashine na TV husalimiana. Mashine hupeleka volti 5 kupitia pini ya 18, TV hujibu kupitia ya 19 kwamba ipo. Halafu kupitia ya 15 na ya 16 mashine husoma uwezo wa TV. Pini ya 19 isipogusa vizuri, mashine inaamini hakuna TV, kwa hiyo haitumi chochote, hata kama pini za picha ni nzima. Jaribu waya mwingine. Picha ikipotea vilevile, tundu limelegea.

Mzee wa Pedi: Nimechomeka PS kwenye HDMI ya laptopu, haionyeshi. Hii hatua zako hazina.
Jibu: Haimo kwa sababu HDMI ya laptopu karibu zote ni ya kutoa picha, haipokei. Mashine yako haina ubaya wowote.

Dada Switch: Ya kwangu ni Nintendo Switch, mkononi inaonyesha, kwenye doki (kile kituo cha kuiunganisha na TV) hapana. Natumia chaja ya simu.
Jibu: Ni chaja, dada. Doki inahitaji volti 15, na chaja ya Switch inatoa ampea 2.6 kwa volti hiyo. Rudisha chaja yake, chomeka umeme kwenye doki kwanza, kisha HDMI, kisha weka mashine.

Fundi Mtaratibu: Naongezea. Ukihamisha mashine mara kwa mara, chomoa waya upande wa TV, upande wa mashine uache palepale, na usiuache ukining'inia kwa uzito wake.
Jibu: Ahsante fundi. Ningelijua hili mapema, PS4 ya mdogo wangu ingekuwa hai.

Kobe_Gemu: Waya mpya wa USB umekubali! Hali salama inaonyesha picha. Mstari wa 6 ndiyo nibonyeze?
Jibu: HAPANA. Wa 2. Chagua 1080p.