Somo: Kumtoa mbwa kwenye ugali na kumzoesha nyama mbichi

Mbwa wengi hapa Malindi wamekulia ugali na vichwa vya samaki, na sasa wenye mbwa wanataka kuwapa nyama mbichi. Inawezekana, ila hatua ya tatu msiiruke hata kidogo.

Hatua ya 1: Mpime. Mpakate mpande mizani pamoja, kisha toa uzito wako. Mbwa mzima hula asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 20 basi atataka kama gramu 500: 300 za nyama isiyo na mfupa (moyo wa ng'ombe nao ni nyama), 150 za shingo za kuku, 25 za ini na 25 za figo au bandama. Karibu theluthi ya shingo ya kuku ni mfupa, kwa hiyo hahitaji mfupa mwingine. Ini msilizidishe kwa sababu ni rahisi. Vitamini A ikipita kiasi humharibu mifupa.

Hatua ya 2: Badilisha polepole, siku 10 hivi. Anza na robo ya chakula, kisha nusu, na nyama iwe ya aina moja kwanza. Tazama kinyesi kila asubuhi. Kikiwa cheupe na kikavu kama chokaa, mfupa umezidi. Kikiwa majimaji, rudi nyuma na upunguze ini. Mfupa uliopikwa asipewe kamwe, hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo.

Hatua ya 3: Maini na mapafu. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia huweza kuwa na vifuko vya maji humo ndani, vyenye mabuu ya mnyoo wa tegu aitwaye Echinococcus. Mbwa akivila, tegu hukomaa tumboni mwake, na baada ya wiki 6 hivi mayai huanza kutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mtoto akimkumbatia kisha akala bila kunawa, ameyameza. Uvimbe humea kwenye ini lake miaka mingi bila dalili. Kule Turkana ugonjwa huu umetesa watu wengi.

Kwa hiyo nunua bucha yenye nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, wala usiokote vya kutupwa kichinjioni. Ukiona kifuko, choma moto. Maini yagandishe siku 10 kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika yakayeyuka, anza hesabu upya. Kama friza huna, yachemshe tu. Na dawa ya tegu, prazikwanteli, apewe kila wiki 6, kwa kipimo cha daktari wa mifugo.

MASWALI

Muyeye: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miezi mitatu, nimuanzishe?
Marahaba mwanangu. Bado. Kalsiamu na fosforasi zisipolingana, mifupa ya mbwa mdogo hupinda. Ngoja akomae.

Mambrui: Kaka, na samaki? Wavuvi hunipa bure.
Mpikie, dada, na miba uitoe. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto hukimaliza. Lakini bunju asimguse hata akipikwa, sumu yake haiondoki kwa moto. Mkitembea ufuoni usimwache aokote ovyo.

Shella: Chombo chake tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Hiyo si yatosha?
Kwa twahara, endeleeni hivyo hivyo. Ila salmonela, bakteria wa nyama mbichi wanaoleta kuhara, hukaa pia kwenye kisu na ubao ambavyo mbwa hakuvilamba, na kugandisha hakuiui. Hivyo vioshwe kwa sabuni na maji moto, na ni afadhali mbwa awe na kisu na ubao wake mbali na jiko lenu.

Barani: Mama yangu anatibiwa saratani, naye anaishi nasi.
Pole sana ndugu yangu. Basi usianze sasa, maana matibabu hayo hupunguza kinga ya mwili na salmonela ingemdhuru upesi. Mpikie mbwa nyama hiyo hiyo, mifupa uiondoe yote, na umuulize daktari wa mifugo mbwa atapata wapi kalsiamu.