Hesabu mwenge kwa vifuniko vya soda

Kwa mnaoendesha michezo ya njozi ya mezani kwa mtindo wa zamani, ile ambayo wachezaji huigiza mashujaa wanaopenya mapangoni kwa mwanga wa mwenge: acheni kuhesabu muda wa mwenge kichwani. Mwekee aliyeshika mwenge vifuniko 6 vya soda. Kila zamu, yaani dakika 10 za ndani ya mchezo, pangoni aondoe kimoja kwa mkono wake, vikiisha, giza. Katika kanuni za 1981 za Dungeons & Dragons, mmoja wa michezo hiyo, mwenge huwaka zamu 6, na kila baada ya zamu 2 mwendeshaji hurusha dadu: ikitoka 1, zimwi limewakuta. Basi kila kifuniko cha pili kikiondoka, rusha. Dadu ya ludo inatosha, na hapa Kampala haikosekani. Kundi letu lilizoea kugonga kila ukuta likitafuta mlango wa siri; safari hii walipoona vimebaki viwili, ubishi ukakatika, mtu akauliza njia ya kutokea. Mimi sikusema neno.

Pigano likianza, usiguse kitu mpaka liishe, kisha ondoa kimoja. Safarini msituni haifai, huko mnahesabu siku. Taa ya mafuta nayo huwaka zamu 24: chora vistari tu kwenye karatasi, la sivyo meza itafanana na kibanda cha soda.