Somo: Kutunisha mfuko wa mtandao wa hisani kwa kalenda ya Dodoma

Ndugu wanachama, kila Januari vikundi vyetu hupokea barua nyingi za kuomba msaada kuliko mwezi mwingine wowote, na huo ndio mwezi ambao mfuko una hela kidogo. Sababu iko kwenye kalenda. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Januari ghala limepungua, shamba linadai palizi, na shule zinafunguliwa. Ada imefutwa shule za serikali, msingi na sekondari hadi kidato cha nne, tangu 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana bado ni vya mzazi. Anayeitisha harambee wakati huo anawaomba walewale wanaohitaji kusaidiwa.

Somo hili ni la mitandao, yaani vikundi kadhaa vya mitaa na vijiji vinavyochangia mfuko mmoja na kugharamia miradi ya jamii yao.

Hatua ya 1: Mwaka wa mfuko uanze Mei

Mei hadi Julai ndipo mtama, uwele, karanga na alizeti vinaingia ndani. Itisheni michango hapo. Wenzetu wa zabibu, Hombolo, Makutupora na Mpunguzi, huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti, kwa hiyo wapewe tarehe zao. Watumishi wachange mwisho wa mwezi. Bodaboda na mama lishe hupata hela ya kila siku, nao huona wepesi kutoa kidogo kila wiki kuliko kudaiwa elfu kumi kwa mkupuo.

Pokeeni mazao pia. Mkulima asiye na elfu tano mkononi anaweza kutoa debe la mtama kwa moyo mweupe. Debe hilo liandikwe kwenye daftari kwa uzito na kwa jina lake, sawasawa na aliyetoa fedha taslimu. Halafu msikimbilie kuuza yote Juni, soko likiwa limejaa. Nafaka ikiwa kavu kabisa na ikawekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, itavuka salama hadi Januari. Sehemu mtaigawa kama chakula, sehemu mtaiuza bei ikiwa imepanda. Naipenda njia hii kuliko zote, kwa sababu inamfanya mkulima mdogo awe mtoaji.

Kuhusu fedha, tuseme mtandao una vikundi 12 vyenye watu 25 kila kimoja. Kila mtu akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, ni 300,000 kwa mwezi na 3,600,000 kwa mwaka, kabla hamjagonga mlango wa mtu yeyote.

Hatua ya 2: Usajili na akaunti

Kikundi kimoja kimoja kianzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtandao ukitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali, unasajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2002, kwa katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini zao, na taarifa za viongozi. Akaunti ya benki iwe kwa jina la mtandao, na watia saini watatu wasiotoka kikundi kimoja.

Hatua ya 3: Anayekusanya asigawe

Mkisahau mengine yote, hili lishikeni. Mhazini na wakusanyaji wasiwe na kura kwenye kamati ya maombi. Mtu akishika kapu na kisu kwa pamoja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, watu watanong'ona, na mnong'ono huo utakausha michango ya mwaka unaofuata. Kamati iwe na mjumbe mmoja kutoka kila kikundi, na kikundi chenye ombi mezani mjumbe wake atoke nje wakati wa kura.

Ombi liwe ukurasa mmoja na lijibu haya: nani atanufaika, bei ni kiasi gani kwa maduka ya hukohuko, waombaji wenyewe wameweka nini (hata nguvu kazi), na nani atakitunza kitu hicho baada ya mwaka. Swali la mwisho ndilo huangusha maombi mengi, na ni haki.

Sare za watoto ni lazima tununue kila mwaka, hakuna ubishi. Lakini katika kila bajeti tengeni fungu la kitu kitakachopunguza maombi ya kesho. Mfano ni maji ya mvua shuleni. Paa la bati la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 500 kwa msimu, linapokea lita 50,000. Ukitoa yanayorukia nje na kuvuja, lita 40,000 zinaweza kukusanywa, na sasa hivi zote zinachimba mitaro uwanjani. Tangi la lita 5,000 likijaa na kutumika mara kadhaa katika msimu, watoto wanaacha kutumwa na ndoo kipindi cha hisabati. Mradi kama huo unahitaji mifereji, tangi, msingi imara na mwalimu mmoja mwenye ufunguo wa koki.

Hatua ya 4: Lipeni duka, someni hesabu

Fundi cherehani, duka la vifaa na muuza tangi walipwe moja kwa moja, nanyi mdai risiti. Kila robo mwaka mapato na matumizi yasomwe kikaoni kwa sauti, kisha nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji au mtaa. Majina ya familia zilizosaidiwa yasibandikwe. Andikeni "kaya 14, sare na madaftari" na kiasi, basi.

Hatua ya 5: Mfadhili wa nje aje mwisho

Mkiwa na hesabu za mwaka mzima, nendeni kwa watoa ruzuku kama Foundation for Civil Society, iliyopo tangu 2002. Fedha za nje ziongeze mradi uliokwisha kuanza. Mradi uliozaliwa na ruzuku hufa nayo. Kumbukeni pia kwamba kanuni za 2018 zinayataka mashirika kutangaza hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kongwa:* Shikamoo mwalimu. Sisi ni VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Je, tunaweza kuchota kwenye hisa tuchangie mtandao?

Marahaba, mwanangu. Hisa msiziguse, ni mali ya kila mwenye hisa, na mwisho wa mzunguko atazidai. Chukueni kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, kwa azimio la kikao lililoandikwa, na mbakize cha kutosha kwa misiba na magonjwa ya wanachama wenu.

*Mwanachama, Chamwino:* Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inaweza kuingia kwenye mfuko wa hisani?

Hapana. Ile ni mikopo kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, ila inarudishwa. Mkiigawa kama msaada, mtabaki na deni. Itumieni kwa biashara ya kikundi, na faida ikipatikana, toeni mchango humo.

*Mwanachama, Kondoa:* Assalaam alaykum. Mtandao wetu una Waislamu na Wakristo. Zaka na sadaka ya mavuno tuziweke pamoja?

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Zitenganisheni kwenye daftari, na ikiwezekana hata benki. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili, yaliyotajwa katika Sura At-Tawba aya ya 60, na wanazuoni wengi hawaruhusu itumike kujengea. Basi zaka iende mikononi mwa mafukara na maskini wenyewe, na tangi la shule linunuliwe kwa sadaka za kawaida, sadaka ya mavuno na michango ya uanachama. Sheikh wenu na mchungaji wenu wakae meza moja mwanzoni mwa mwaka wakubaliane mafungu.

*Mwanachama, Bahi:* Kuna mkubwa mmoja anataka kutupa hela nyingi, ila achague mwenyewe familia za kusaidiwa, na ziitwe jukwaani. Tufanyeje?

Mshukuruni, mwonesheni orodha ya miradi iliyopitishwa, achague mradi na jina lake lisomwe kwenye hesabu. Familia haziitwi jukwaani. Akikataa sharti hilo, mwacheni aende na hela yake, nasema hivi kwa moyo wote. Mama aliyepandishwa jukwaani kupokea kilo tano za unga hatarudi kuomba hata mtoto akiugua.

*Mwanachama, Nzuguni:* Mwalimu, kwa sasa michango inaingia kwenye simu ya mhazini. Ni mwaminifu sana. Kuna ubaya?

Upo, hata kwake yeye. Simu ikipotea au akifariki, fedha zitahesabika ni zake na ninyi mtaanza kuwasumbua wafiwa. Ombeni lipa namba kwa jina la mtandao, na salio lihamishiwe benki kila Ijumaa.